Je, yafaa kuizuia ndege kwa deni la mafuta?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nasimamia kampuni ndogo ya kuuza mafuta ya ndege hapa Dar es Salaam. Mteja wetu anarusha ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, tunamjazia kwa mkopo na kumpelekea ankara kila mwisho wa mwezi. Miezi mitatu sasa hajalipa, deni limefika dola 41,600. Ndege yenyewe ameikodi kwa kampuni ya nje. Wenzangu wanataka tuegeshe gari la mafuta mbele ya ndege, au tuchukue betri yake, mpaka alipe. Na ankara zetu zina sharti la asilimia 2 kwa mwezi kwa anayechelewa. Dini inasemaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Haki yenu ipo. Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma. Lakini kudai ni jambo moja, kuishika ndege ni jingine.

Tuanze na mafuta yenyewe. Imesihi hadithi kwamba anayeikuta mali yake ileile kwa mtu aliyefilisika ana haki nayo kuliko wadai wengine. Mafakihi (wanazuoni wa sheria ya dini) wa madhehebu ya Shafi walilifikisha suala hili mpaka kwenye mafuta: yakichanganywa na mengine ya daraja moja nayo au duni, muuzaji huchukua kipimo chake kutoka kwenye mchanganyiko. Kwa hiyo mteja wako akifilisika na lita 300 ulizojaza jana bado zimo kwenye mabawa, una hoja juu ya lita hizo 300. Zilizokwisha kuungua kati ya Dar na Mafia zimebaki deni shingoni mwa mteja, na deni la namna hiyo halishikamani na bodi ya ndege.

Utaniambia, mbona fundi huzuia? Kweli, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamempa mtia rangi haki ya kushikilia nguo mpaka alipwe, kwa sababu athari ya kazi yake imo ndani ya nguo. Mchukuzi wa mizigo hawakumpa. Aliyetengeneza injini anafanana na mtia rangi. Wewe, kwa maoni yangu, uko karibu zaidi na mchukuzi.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kwamba ndege si ya mdaiwa. Wanaojichukulia haki yao hutegemea kisa cha Hind bint Utba, aliyeruhusiwa kuchukua kwa wema kinachomtosha yeye na wanawe katika mali ya mumewe, Abu Sufyan. Hind alichukua mali ya yule yule mwenye wajibu. Betri ya Caravan ni ya kampuni iliyokodisha, ambayo haikuwahi kununua kwenu hata lita moja. Tena betri ikishafunguliwa na asiye na leseni, ndege hairuki mpaka fundi mwenye leseni aifunge, aipime na atie saini kwenye kitabu chake. Asipofanya hivyo ikaruka, mmechezea roho za abiria. Hilo ni haramu, deni liwe kubwa namna gani. Na gari lililojaa mafuta halifanywi kizuizi.

Fanyeni hivi. Kusanyeni risiti za kila ujazaji, zenye namba ya ndege inayoanza na 5H, tarehe, lita na saini ya rubani. Kesi huweza kuanguka kwa saini isiyosomeka au namba ya ndege nyingine ya mteja huyohuyo. Andikeni barua ya madai yenye siku ya mwisho. Kaangalieni kwenye daftari la Mamlaka ya Usafiri wa Anga mmiliki ni nani. Tafuteni pia kwenye rajisi ya kimataifa ya haki juu ya ndege, iliyoko Dublin, iliyotokana na Mkataba wa Cape Town wa 2001, kwa namba ya kiwandani, na injini mtafute peke yake kwa sababu huandikwa mbali na bodi. Kisha wakili aombe mahakamani zuio juu ya mali ya mdaiwa mwenyewe: akaunti, vipuri, fedha anazodai kwa wengine. Zuio la mahakama nalo hutenguka: Agosti 2019 Airbus ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa deni lisilohusu mafuta, na Septemba mahakama ikaiachia.

Ile asilimia 2 ni riba, iondoeni. Kwa deni lenu ni dola 832 kila mwezi zisizo na mafuta ndani yake. Gharama halisi ya wakili na mahakama mnaweza kudai. Na ikithibiti kwamba hana kitu, aya ya 280 ya Suratul Baqara inawataka mumpe muda.

Siku za mbele chukueni rehani. Mwenye ndege aridhie kwa maandishi, akijua kiasi cha deni, aina yake na nani anashika rehani. Kwa Mashafi aliyeweka rehani hasafiri nayo bila idhini ya mwenye kuishika, na ndege isiyosafiri ni bati tu. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba mmeruhusu iruke. Msiandike kwamba akishindwa ndege inakuwa yenu, sharti hilo ni batili: huuzwa, mnachukua chenu, kinachobaki kinarudi kwa mwenyewe. Kwa kampuni ndogo kama yenu naona kianzio cha fedha ni chepesi kuliko yote hayo: aweke kwanza, mjaze, mkate. Kikiisha, gari la mafuta lisiondoke kituoni.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.