Kupima maisha ya pembezoni mwa Mwanza: usihesabu mapaa mapya tu

Mkuu, umeuliza mtu atajuaje kama maisha ya Ilemela, manispaa iliyo ndani ya Mwanza, yanapanda au yanadorora kabla hajazika mtaji wake Buswelu, huko huko Ilemela. Waliokujibu kabla yangu wamekuonyesha nyumba mpya kama dalili kwamba yanapanda. Mimi nauza vifaa vya ujenzi upande huo huo, na nyumba mpya ndiyo kipimo ninachokiamini kidogo kuliko vyote.

Anza na sensa, ni bure. Ilemela ilikuwa na watu 343,001 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakahesabiwa 509,687. Hiyo inakuambia wateja wapo, haikuambii wana kitu mfukoni. Halafu mji haujui mipaka ya halmashauri: Kisesa iko Magu, Usagara iko Misungwi, ila asubuhi watu wake unabanana nao kwenye daladala za kuja mjini. Ukichukua Ilemela na Nyamagana tu, yaani wilaya mbili za jiji lenyewe, hao wote umewaacha nje. Shuka hadi takwimu za kata.

Sasa hizo nyumba. Huku wengi hawajengi kwa mkopo wa benki, wanadunduliza. Mwaka huu msingi (mawe Mwanza si tatizo), mwaka kesho tofali, kisha boma linasimama mpaka nyasi zinaota sebuleni. Paa likija kung'aa, unachokiona ni hela ya miaka kadhaa nyuma, na mara nyingi haikupatikana hapa: ni ya dhahabu ya Geita, ya mitumbwi ya sangara, au ya mtumishi aliyeko Dodoma. Mtaa unaweza kujaa mapaa mapya huku mwenye genge pale kona anafunga biashara.

Ninachoangalia mimi ni namna watu wanavyonunua. Hela ikiwepo, mtu anakuja na fundi wake, anachukua mabati ya geji 28 kwa mkupuo, kirikuu inapakia, kazi imeisha. Hela ikikata, yule yule anarudi kuulizia geji 30, baadaye 32 (namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi). Saruji anachukua mfuko mmoja mmoja kwa bodaboda. Kuna mama ananiwekea hela ya mabati kidogo kidogo, naandika kwenye daftari. Anauza samaki, na sangara wakiadimika Mwaloni, soko la samaki, ukurasa wake unakaa mweupe. Ukurasa ule unaniambia habari mapema kuliko ripoti yoyote.

Sisemi takwimu za serikali hazina kazi. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama 1,640 kwa siku. Kwa kupima nchi nzima, sawa. Lakini aliyehama Mabatini, karibu na katikati ya mji, kwenda Nyamhongolo kule pembezoni kukimbia kodi ya nyumba anaongeza nauli kila siku, na mstari huo hauoni saa anazoziacha barabarani wala madumu ya maji anayonunua bomba likikauka.

Bei ya viwanja nayo usiitegemee. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kuvuka Ziwa Victoria, lilipofunguliwa Juni 2025, madalali wa Usagara walipata sababu ya kutaja bei kubwa. Kiwanja kikipanda bei, aliyenacho anacheka. Mpangaji je?

Kwa hiyo njoo Januari, ada za shule zikiwa zimewabana watu. Kaa jioni kwenye duka la mtaa unaoulenga, uone mafuta ya kula yanatoka kwa lita au kwa kipimo cha shilingi mia tano, kitoweo ni sato au dagaa. Mwulize mwenye duka kama daftari la madeni linanenepa. Rudi tena miezi ya mavuno ufananishe.

Na hujasema mtaji wenyewe ni wa biashara gani. Kama ni vifaa vya ujenzi, tafuta mtaa wenye maboma mengi. Kama ni vyakula, maboma hayali. Nenda penye wapangaji.