Mpako wa lami ulibanduka baada ya baridi moja: tuandaeje njia ya gari kabla ya kupaka tena?

Swali: Fundi, habari za kazi. Tunaishi Columbus, Ohio, na nyumba tuliyonunua ina njia ya gari ya lami, kama futi 20 kwa 50. Mwaka juzi mume wangu aliipaka ile dawa nyeusi ya ndoo. Ilipendeza, lakini baridi ilipopita ikaanza kubanduka vipande vipande, hasa pale gari letu linapovuja oili. Kuna nyufa ndefu zinazoota majani, na upande wa barabarani lami imepasukapasuka vipande vidogo. Nimenunua ndoo 3 za galoni 5, tunataka kupaka mwishoni mwa Oktoba. Je, tuoshe kwa mashine ya presha tu, au kuna zaidi ya hapo?

Jibu: Dada yangu, habari ni njema, na poleni kwa kazi iliyopotea. Ndoo hizo msizifungue kwanza. Kwa maelezo yako, njia yenu ina matatizo matatu tofauti, na mpako hautatibu hata moja. Kazi ya mpako ni kuikinga lami iliyo nzima dhidi ya jua, maji na mafuta. Hauungi kilichovunjika, haubebi uzito wa gari, wala haushiki juu ya uchafu. Sisi tunaofanya kazi hii muda wetu mwingi unaishia kwenye maandalizi. Kupaka kwenyewe ni saa chache.

Tuanze na oili, maana ndiyo iliyowaumiza. Lami ya njia ni kokoto na mchanga vilivyoshikanishwa na bitumeni, na bitumeni hutoka kwenye mafuta ghafi yaleyale yanayotoa oili ya injini. Kwa hiyo oili ikidondoka haibaki juu, inapenya ndani na kuilainisha. Mpako mwingi wa madukani umechanganywa na maji, na ukipakwa juu ya oili haushiki hata kidogo. Unakauka, unaonekana mzuri, kisha baridi na matairi vinaumaliza.

Chukueni bisibisi mkwaruze kila doa. Pale lami bado ni ngumu, mwagieni kwanza mchanga wa choo cha paka ili unyonye oili mbichi, mfagie, kisha msugue kwa sabuni ya kuondoa grisi na brashi ngumu. Suuzeni na kurudia mpaka maji yasionyeshe tena zile rangi za upinde wa mvua. Pakishakauka, pakeni praima (dawa ya kwanza ya kushikisha mpako) maalumu ya madoa ya mafuta, pale penye doa tu. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na kopo moja dogo linatosha nyumba nzima. Lakini kama bisibisi inazama na kokoto zinang'oka, hapo hapaoshwi tena: kateni kipande hicho, kitoeni, mjaze lami mpya. Na gari litengenezwe kwanza, au liwekewe trei chini, la sivyo mtarudi palepale.

Mpako wa zamani unaobanduka nao usiachwe. Mpako mpya unashika juu ya ule wa zamani, na wa zamani ukiinuka unaondoka na mpya. Kwarueni kila kilicholegea kwa chuma bapa na brashi ya waya, ndipo mlete mashine ya presha. Tumieni ncha inayotawanya maji kwa upana, na msiisogeze karibu sana. Mkiona mchanga unatoka kwenye lami, rudini nyuma. Yale maji yenye sabuni na mafuta msiyaelekeze kwenye mtaro wa mvua wa barabarani, kwa sababu sehemu nyingi mitaro hiyo humwaga moja kwa moja mtoni. Kisha subirini ikauke kabisa. Juu panaweza kukauka kwa nusu siku ya jua, huku ndani ya nyufa na kwenye kivuli cha miti bado pana maji. Mimi hupenda kuacha siku nzima, na kama kulikuwa na mawingu, mbili.

Sasa nyufa. Ohio ina baridi inayoganda na kuyeyuka mara nyingi ndani ya msimu mmoja. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya ufa husukuma kuta zake kila mara. Majani unayoyaona yanakwambia kwamba udongo na unyevu vimekwisha kuingia. Nyunyizieni dawa ya magugu siku kadhaa kabla, kisha mng'oe na mizizi kwa kisu au bisibisi. Kukata juu kwa mkasi hakusaidii. Mzizi utaitoboa kazi yenu tena. Pitisheni brashi ya waya ndani ya ufa, mpulize vumbi mpaka muone lami safi pande zote mbili.

Kinachofuata kinategemea upana. Nyufa nyembamba kama unywele, chini ya sehemu ya nane ya inchi (milimita 3), zitazibwa na mpako wenyewe. Kuanzia hapo hadi nusu inchi, tumieni dawa ya nyufa ya kumimina. Zaidi ya nusu inchi, inahitajika ile nzito ya kupaka kwa mwiko, au ya moto inayoyeyushwa. Ufa ukiwa na kina kirefu, shindilieni kwanza kamba ya sponji ndani yake, mkiacha nusu inchi ya juu kwa ajili ya dawa. Bila hivyo mtamimina chupa nzima izame yote. Chagueni yenye mpira ndani yake, maana ufa hufunguka wakati wa baridi na kujifunga wakati wa joto, na kinachoujaza lazima kivutike pamoja nao. Kwa sababu hiyohiyo, tafadhali msijaze saruji. Nimeiona kwenye nyumba nyingi, na daima inaachia ubavuni, maji yanapita palepale. Sawazisheni dawa iwe usawa wa lami. Ikibaki nundu, sepetu ya theluji itaing'oa. Iacheni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chombo.

Pale karibu na barabara ndipo penye ugonjwa mkubwa. Vipande vidogovidogo vilivyoungana namna ile mafundi tunaviita ngozi ya mamba, na maana yake ni kwamba tabaka la kokoto lililo chini limelegea, ama kwa maji, ama kwa magari mazito yanayokata kona hapo. Hata mkipaka mara kumi, lami itaendelea kucheza juu ya msingi uliooza na mpako utapasuka kwa kufuata nyufa zilezile. Dawa ya nyufa nayo haifai hapo. Inabidi kukata kipande kwa umbo la mraba hadi kufikia lami ngumu, kukitoa, na kuangalia chini. Mkikuta tope, chimbeni, mjaze kokoto zilizopondwa, mshindilie vizuri, ndipo lami irudi.

Eneo likiwa dogo mnaweza kutumia lami baridi ya mfuko, isiyohitaji kupashwa moto: mwageni tabaka lisilozidi inchi 2, mlishindilie, kisha jingine, na la juu libaki limeinuka kidogo kwani matairi yatalikandamiza. Lami baridi inahitaji kupumua kabla ya kupakwa, tena kwa wiki kadhaa, kwa sababu ina vimumunyisho vinavyotoka polepole. Ukiifunika mapema inabaki laini. Kabla ya kukata, ulizeni ofisi ya jiji. Mara nyingi kipande cha mwisho kinachogusa barabara kiko kwenye ardhi ya umma na kina masharti yake.

Mkiamua kutafuta mkandarasi kwa kipande hicho, mtafuteni wenyewe, mpate bei kwa maandishi. Anayegonga mlango akisema ana lami iliyobaki kutoka kazi ya jirani na atawafanyia kwa bei nafuu leo leo, msimpe hata senti. Huu ni utapeli wa siku nyingi Marekani, na unawalenga sana wazee na wageni.

Kuhusu hizo ndoo, someni lebo. Kama imeandikwa kwamba ni ya lami ya makaa ya mawe, ningeirudisha dukani bila kusita. Ina kiwango kikubwa cha kemikali zinazohusishwa na saratani, na vumbi lake huingia ndani ya nyumba kwa viatu na kuoshwa hadi kwenye vijito. Jiji la Austin, Texas, liliipiga marufuku mwaka 2006, jimbo la Washington likafuata mwaka 2011, na Minnesota mwaka 2014. Ile inayotokana na bitumeni inafanya kazi vizuri nyumbani, na mtoto anayecheza nje kwa magoti anastahili hadhari hiyo.

Ndoo 3 pia hazitoshi. Njia yenu ni futi za mraba 1,000 hivi. Ndoo moja ya galoni 5 inafunika kama futi za mraba 350 kwa koti moja, yaani tabaka moja la mpako, na lami kuukuu hunywa zaidi ya hapo. Ndoo 3 ni koti moja, nanyi mnahitaji mbili nyembamba. Msijaribu kufidia kwa koti moja nene: juu hukauka, chini hubaki na unyevu, kisha inapasuka. Wala msiongeze maji ili ifike mbali.

Lililobaki ni tarehe, na hapa nasikitika kuwaambia mwishoni mwa Oktoba hapana. Mpako wa maji unataka nyuzijoto 50 za Farenhaiti (sentigredi 10) na kuendelea, mchana na usiku unaofuata, bila mvua kwa saa 24. Mwishoni mwa Oktoba usiku wa Columbus hushuka chini ya hapo mara kwa mara, na mpako usiokauka vizuri ndio unaobanduka Januari. Tumieni siku zilizobaki zenye jua kung'oa majani, kuziba nyufa na kukarabati kile kipande cha barabarani. Hizo ndizo kazi zitakazozuia maji yasiingie baridi hii, na nyufa zikiwa zimefunguka kiasi, kama zilivyo majira haya, zinazibika vizuri zaidi kuliko katikati ya joto.

Mpako usubiri Juni. Siku hiyo mtafagia tena, mtafyeka nyasi za kingo, mtabandika utepe kwenye saruji ya mlango wa gereji ili isichafuke, mtapaka koti mbili, na gari halitakanyaga kwa saa 24 hadi 48. Hadi wakati huo ndoo zikae ndani ya nyumba, si kwenye gereji isiyo na joto. Zikiganda, bitumeni na maji hutengana, na hata mkizikoroga vipi hazirudi kuwa mpako.