Mtaani Hakuna Refa: Je, Rafu Itakuokoa?

SWALI: Salaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, nacheza taekwondo na nina mkanda wa buluu. Juzi rafiki yangu, ambaye ni mchezaji mzuri kunishinda mimi, alipigwa ngeta (kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma) usiku akitoka stejini, simu ikaenda. Kuna jamaa hapa mtaani anayefundisha kujihami, naye anatuambia tuache michezo ya pointi kwa sababu mtaani hakuna refa. Anasema tujifunze kutia vidole machoni, kuuma na kupiga korodani. Je, ni kweli kanuni za mashindano zinatuharibu? Na nikijua hizo rafu, nitakuwa salama?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mpe pole rafiki yako, na umwambie kwamba kupoteza simu na kurudi nyumbani mzima hakukuwa kushindwa.

Huyo jamaa amesema kweli kuhusu ugonjwa, lakini dawa yake siikubali.

Mchezo wako una mapengo, na ni vizuri uyajue kwa majina yake. Katika taekwondo ya mashindano ya Olimpiki, ngumi ya uso hairuhusiwi, teke chini ya kiuno haliruhusiwi, na kumkamata mwenzako ni adhabu. Ngumi ya kiwiliwili inakupa pointi 1, teke la kiwiliwili 2, la kichwa 3. Ukicheza kwa hesabu hiyo kwa miaka, mikono inashuka yenyewe kwa sababu hakuna anayekulenga pua. Tena unazoea kumwacha mtu akukaribie kifua kwa kifua, kwa kuwa unajua mtatenganishwa. Mpiga ngeta anaanza kazi pale pale refa wako anaposimamisha mchezo. Ndiyo maana rafiki yako, pamoja na mateke yake yote, hakupata nafasi ya kupiga hata moja.

Sisi wa judo tuna yetu pia. Mchezaji akiangushwa vibaya hujilaza kifudifudi, akajikunja na kungoja refa asimamishe. Barabarani, hapo umewapa watu mgongo na kisogo wavipige watakavyo. Mwaka 2013 kushika miguu ya mpinzani kwa mikono kulipigwa marufuku katika judo ya kimataifa, na kizazi kizima kikakua bila kuzoea kujikinga na mtu anayechota miguu. Bondia naye amezoea glavu na bandeji. Akipiga fuvu la mtu kwa ngumi tupu, mara nyingi mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole kidogo ndio unaovunjika.

Kwa hiyo ndiyo, kila kanuni inaacha mlango wazi mahali fulani. Swali ni kama rafu inaufunga.

Fikiria hilo la vidole machoni. Jicho ni dogo, liko kichwani, na kichwa hakitulii. Kama huwezi kumpiga mtu ngumi ya uso anapokwepa na kukurudishia, kidole chako kitafikaje kwenye jicho lake? Anayeweza kufika ni yule ambaye tayari anajua kupima umbali na kushika kichwa kisiende popote. Mkiwa chini na yeye amekukalia kifuani, mikono yake inafika usoni pako kwa urahisi kuliko yako inavyofika kwake. Jaribu rafu hapo na utakuwa umemfundisha afanye yeye. Teke la korodani nalo watu hulijibu bila kufikiri: magoti yanabana, nyonga inarudi nyuma. Hata likipata, mtu aliyepandwa na hasira au kulewa anaweza kuendelea kukung'ang'ania kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinamtosha.

Jambo hili limeshapimwa hadharani. Katika mashindano ya kwanza kabisa ya UFC, ya kupambanisha mitindo tofauti ya mapigano, mjini Denver, Novemba 1993, karibu kila kitu kiliruhusiwa isipokuwa kuuma na kuchokoa macho. Fainali ilikuwa kati ya Royce Gracie wa Brazil na Gerard Gordeau wa Uholanzi, mtu mrefu na mzito kumpita. Walipofika chini, Gordeau alimuuma Gracie sikio. Haikumsaidia. Gracie alikuwa juu yake, akachukua mgongo, akamkaba shingo hadi akasalimu amri. Aprili 1995, mjini Tokyo, Gordeau huyo huyo alikutana na Yuki Nakai, Mjapani mwenye mwili mdogo kabisa mbele yake, akamtia kidole katika jicho la kulia. Nakai hakuuona tena ulimwengu kwa jicho hilo maisha yake yote. Hata hivyo hakuachia mguu wa Gordeau. Alikipinda kisigino na kushinda pambano lile. Usiku huo huo, akiwa na jicho moja, akamshinda mtu mwingine na kufika fainali.

Nawaambia wanafunzi wangu watazame mambo mawili hapo. Rafu ile ilimpofua mtu, na bado haikusimamisha pambano. Pili, mara zote mbili aliyeshinda ni yule aliyeshika mwili wa mwenzake.

Na kushika mwili wa mtu asiyetaka kushikwa hujifunzi kwa kuonyeshwa. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, mapigo ya hatari aliyaweka ndani ya kata, yafanywe kwa mpangilio. Mitupo, mikabo na kubana viungo akaviweka katika randori, ambapo wawili wanavutana kwa nguvu zao zote na kila mmoja anakataa kuangushwa. Jicho la mwenzako huwezi kulichokoa kwa nguvu zako zote Jumatatu ukarudia Jumatano. Utafanya kwa kuigiza, naye ataigiza kuumia. Utupo unaweza kuufanya kwa kweli mara elfu. Kanuni ndizo zinazokuruhusu kukutana na upinzani wa kweli kila wiki na mwenzako akarudi kwake salama. Ukiziondoa zote, kinachobaki ni maigizo, na maigizo yanampa kijana ujasiri usio na msingi. Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu mafunzo ya huyo jamaa.

Rafu ina mahali pake, lakini ni ya pili katika mpangilio. Chukua ngeta yenyewe. Mkono ukishakubana pande zote mbili za shingo barabara, una kama sekunde kumi tu kabla ya kupoteza fahamu. Kazi ya kwanza ni kidevu: kiingize ndani ya kona ya kiwiko chake. Mikono yako yote miwili ivute mkono wake chini, ukae kifuani pako, huku ukipinda magoti ili asikuinue. Ukishapata pumzi na miguu imekaa imara, hapo ndipo korodani zake ziko nyuma ya kiganja chako, karibu kabisa. Piga, geukia upande wa kiwiko chake, toka, kimbia kwenye taa na watu. Ukianza na pigo kabla ya kidevu, utazimia ukipapasa.

Kuuma kunaweza kumfanya mtu aachie. Lakini damu yake ikiingia mdomoni mwako, nenda hospitali mara moja; dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianzwe kabla ya saa 72, na uwaulize pia kuhusu homa ya ini ya aina ya B. Mwenye kisu au panga, mpe simu.

Sheria nayo haiko mbali. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakupa haki ya kujitetea, lakini nguvu utakazotumia ziwe za kadiri ya hatari iliyopo. Ukimpofua mtu ambaye tayari amekuachia, unaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 234, kumdhuru mtu vibaya, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, atajaziwa yeye, si wewe.

Usiiache taekwondo. Miguu yako inajua kuweka umbali, na umbali ndio kinga bora uliyo nayo. Tafuta ndondi au judo kidogo uongezee. Hapa Mombasa haikosekani klabu ya kukufundisha. Na mwombe mwalimu wako robo saa ya mwisho wa mazoezi: mwenzako avae glavu, aruhusiwe ngumi za uso na kukukumbatia, wewe usimame mgongo ukutani. Usihesabu pointi. Kazi yako iwe kutoka pale ukutani na kufika mlangoni.