Kabla hujanunua programu nyingine, nisikie kisa cha punda wangu

Ndugu yangu, umesema unatumia Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, kwenye laptopu ya ramu ya gigabaiti 8, wahusika wako wanatoka kama wanasesere wa plastiki, na sasa unaweka akiba ununue ZBrush, programu ya kuchonga maumbo kwa kompyuta, na tableti ya kalamu. Mimi niko Lamu, na njia hiyo nilishaipita.

Tableti yangu ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ikavuka na boti nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Wakati huo nilikuwa na kazi ya punda wa katuni, sekunde 20 tu, apite kichochoroni na mzigo wa mawe. Nikachonga manyoya, mikunjo ya shingo, hadi mishipa ya masikio. Poligoni, yaani vile vipande bapa vidogo vinavyounda umbo, zikafika milioni 3, feni ya laptopu ikawa inalia kama injini ya mashua. Picha ikiwa imesimama, wallahi ilipendeza. Nikamtia mifupa, ile ya kompyuta inayopindisha viungo, nikamtembeza, nikampelekea mzee mmoja anayembebesha punda wake mizigo ya mchanga pale ufukweni. Akaitazama simu kimya, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, huyu kavunjika lini?"

Akanivuta hadi kwa punda wake, akamwinua mguu wa nyuma. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachopinda kuelekea nyuma, ambacho mimi nilikiita goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Kuanzia kisigino kwenda chini ni wayo, na punda anatembea kwenye ncha ya kidole kimoja, kwato ndiyo ukucha. Goti la mbele nalo ni kifundo cha mkono. Baadaye nikasoma kwamba hana mtulinga: mguu wa mbele umeshikwa kiwiliwilini na misuli tu, ndiyo maana bega lake huteleza anapotembea. Mimi nilikuwa nimelipigilia kama bawaba ya mlango. Kalamu ya bei gani ingenionyesha hayo?

Nilimfuta kabisa yule punda wa katuni. Safari hii nilipiga picha za ubavuni na za mbele, simu ikiwa usawa wa kifua chake (Lamu punda hakosekani, hiyo ndiyo bahati yetu). Nikajenga kwa masanduku na silinda, nikayapaka yote meusi na kuyapunguza hadi ukubwa wa ukucha, nione kama umbo peke yake linatambulika. Mara mbili za kwanza nilimwona mbuzi. Nilipomwona punda ndipo nikaendelea.

Kisha nikafanya jambo ambalo naona wengi wanaliacha: nilimtia mifupa angali mbaya, hana macho wala manyoya, poligoni hazifiki 2,000. Akipinda vibaya hapo, unasogeza nukta chache tu na yamekwisha. Ukingoja hadi umemaliza manyoya, kila kosa linakula wiki. Kwenye viungo niliweka pete tatu za poligoni za pembenne, ili moja ipinde na mbili zishikilie umbo. Kwa binadamu fanya vivyo hivyo kuzunguka macho na mdomo, kwa sababu misuli yenyewe imezunguka pale. Uso usio na pete hizo utachanika siku mhusika atakapocheka, hata uwe umeuchongea wapi.

Hilo la plastiki huenda ni jambo dogo. Umeacha kioo, kile kinachonakili upande mmoja hadi wa pili, kimewashwa hadi mwisho, kwa hiyo shavu la kulia na la kushoto ni pacha. Kizime, shusha nyusi moja kidogo, pindisha pua.

Sisemi ZBrush ni takataka. Inabeba mamilioni ya poligoni kwenye mashine ambayo Blender ingekwama, na kuchonga kwa kipanya ni adhabu. Tableti yangu siiuzi. Lakini Flow, filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya katuni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender hiyohiyo uliyonayo, na wahusika wake ni wanyama watupu.

Tuwekee hapa picha ya uso wa mhusika wako bila rangi, mistari ya poligoni ionekane, moja amefunga mdomo na nyingine ameufungua. Hiyo akiba iache kwanza M-Pesa.