Jahazi la Flipflopi ni sanaa?

Ndugu, umeuliza kama lile jahazi la plastiki la Lamu ni sanaa au ni kampeni tu ya usafi. Kwangu mimi ni sanaa, tena ya hali ya juu. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na mbao zote kwa plastiki iliyoyeyushwa, wakaichonga kama fundi achongavyo mti. Kisha wakalivika kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni. Ukilisogelea, utaona rangi zimepangwa vipande vipande: buluu, nyekundu, manjano. Kila kipande kilivaliwa na mguu wa mtu, kikatupwa, bahari ikakirudisha. Hapo ndipo moyo unaponiuma.

Na halikuwekwa kwenye jumba la makumbusho kutazamwa tu. Lilizinduliwa 2018, na mwaka uliofuata likatweka tanga hadi Zanzibar, kama kilomita 500, likitia nanga njiani ili watu waliguse na kuzungumza kuhusu taka. 2021 likazuru Ziwa Victoria.

Ukifika Lamu, waulize mafundi wa majahazi. Wataeleza ufundi wake kuliko mimi.