Mume wangu hatoki bila mimi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu alishikwa na kitu akiwa ndani ya lifti: moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, akanipigia simu kwamba anakufa. Hospitali wamempima moyo mara mbili, wanasema ni mzima. Tangu hapo hapandi lifti wala basi, hapangi foleni, mpaka niwe naye. Nikiwa kazini hunipigia nimwambie kwamba hafi. Mama yake anasema namdekeza. Nimechoka, na juzi nilimfokea mbele ya watoto. Nimsindikize mpaka lini?
Mke Aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kumfokea mbele ya watoto, mwombe radhi, yaishe.

Unayoyaeleza yanafanana sana na shambulio la hofu, na hajifanyi. Hofu humfanya mtu apumue harakaharaka, akatoa kaboni dioksidi nyingi kupita kiasi, ndipo vidole na midomo hufa ganzi na kichwa kikazunguka. Akiisikia ile ganzi anadhani ni kiharusi, hofu inapanda, pumzi zinazidi kwenda mbio. Kwa kawaida hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Hata asipokupigia simu.

Hapo sasa mama mkwe wako amepatia nusu, ingawa usimwambie nimesema hivyo. Kila ukimkimbilia, hofu inashuka. Ingeshuka tu, lakini sifa unapewa wewe: "Nimepona kwa kuwa mke wangu alikuwepo." Kesho yake hathubutu bila wewe. Huruma yako ndiyo inayomfunga, na nyote wawili hamuioni kamba.

Usimkatie ghafla lakini. Ongeeni siku ametulia, mpange pamoja. Chukua hiyo foleni: kwanza simama naye, siku nyingine msubiri mlangoni, baadaye baki nyumbani. Hofu ikipanda asitoke mstarini. Atoe pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na asubiri ishuke akiwa papo hapo. Akikimbia, mwili unaamini kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Simu za kazini nazo kubalianeni mapema kwamba "Sifi?" hutalijibu tena. Muulize, "Umebakiwa na watu wangapi mbele yako?" Atakasirika, najua.

Arudi kwa daktari aulizie kipimo cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana ikifanya kazi kupita kiasi nayo hukimbiza moyo. Kahawa apunguze. Kisha atafute mwanasaikolojia anayefanya tiba ya fikra na tabia; kwa tatizo hili inasaidia sana. Dawa zipo pia, ila vile vidonge vya kutuliza papo hapo aviulizie vizuri, vingine vinazoesha. Na ikitokea kifua kinabana, maumivu yakapanda taya au mkono, hasa akiwa anapanda ngazi, hapo hakuna cha mazoezi ya pumzi: mpeleke hospitali.

Mpaka lini, sikupi tarehe. Wiki za mwanzo atanuna, atasema umemtupa, na wewe utatamani kurudia kumsindikiza ili nyumba itulie. Mwache anune.