Mguu unaouma ukitembea, ukiacha ukisimama

Nilipokuwa namuuguza mjomba wangu kule Tanga, kila aliyepita alikuwa na jina la ugonjwa wake: baridi yabisi, uzee, hata jini. Wakamkanda na mafuta ya karafuu. Lakini maumivu yake yalikuwa na tabia moja: akitembea kidogo kigimbi kinakaza, akisimama dakika mbili tatu kinaachia. Baridi yabisi haina adabu ya namna hiyo.

Huo ni msuli unaodai damu. Kolesteroli mbaya, LDL, imejijenga ndani ya ukuta wa mshipa hadi njia ikabana. Ukikaa damu inatosha, ukitembea haitoshi. Ukiona dalili hizo, omba upimwe presha ya mkono na ya kifundo cha mguu. Ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono, jibu chini ya 0.90 linaonyesha mishipa imebana. Mwenye kisukari asiridhike haraka na jibu zuri, maana mishipa iliyokakamaa hudanganya kipimo. Yeye hupimwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Halafu pima mafuta ya damu. Hapa ndipo wengi tunapotelezea, kwa kuwa karatasi ya maabara inaweza kuandika "kawaida" ukafurahi. Kawaida hiyo si ya mtu aliyekwisha kuziba mishipa. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unataka LDL yake iwe chini ya 1.4 mmol/L, kwa sababu mguu ukibana, moyo na ubongo navyo viko hatarini. Ndiyo maana mjomba alipewa atorvastatin, dawa ya kushusha kolesteroli, na namba iliposhuka akataka kuiacha. Nikamwambia imeshushwa na dawa hiyohiyo. Misuli ikiuma ukiwa unatumia dawa hiyo, mwambie daktari, usiache kimyakimya.

Maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya kupikia yasikubabaishe: hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuhesabika. Tui la nazi pia halina, ila lina mafuta mazito yanayopandisha LDL. Sisi watu wa pwani hatupendi kulisikia hilo.

Sigara iachwe, hapo hakuna mjadala. Na utembee: hadi paume, pumzika, endelea, nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa miezi.

Ila mguu ukiuma usiku umelala, au kidonda hakiponi, usikawie kwenda hospitali. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, nenda saa hiyohiyo.